Kabla hujampa fundi tailizi advansi

Jamani msichague fundi kwa picha za kwenye simu, picha mtu anaweza akaokota popote. Mwambie akupeleke nyumba aliyoifanyia kazi mwaka jana au juzi, ukifika gonga gonga tailizi kwa sarafu, ikilia kama debe tupu ujue chini hakujaza vizuri na siku yoyote inabanduka. Muulize na mwenye nyumba, huyu baada ya kupewa advansi alikuwa anapokea simu kweli? Maana wengi ndo wanapopotelea hapo. Vifaa kanunue mwenyewe, yeye mlipe ufundi kwa hatua, sebule ikiisha unampa ya sebule. Bafuni ndo usimalizie hela mpaka mmwage ndoo ya maji muone yanakimbilia tunduni au yanatuama mlangoni.