Kanzu nyeupe, uso mweusi: kumpiga picha mtu bila kumzamisha gizani

Juzi mpwa wangu alinijia barazani, Mji Mkongwe, na kamera yake ya kwanza, Canon ya mtumba yenye lenzi ya 18–55. Alikuwa amempiga picha babu yake akitoka msikitini Ijumaa. Kanzu ilitoka kijivu kama maji ya kufulia, na uso wa babu ulikuwa giza tupu, macho hayaonekani. Aliamini ameuziwa kamera mbovu. Kamera ni nzima. Haya ndiyo niliyomwonyesha.

Hatua ya 1: Acha otomatiki

Geuza gurudumu la juu mpaka Av kwenye Canon, au A kwenye Nikon na Sony. Hapo wewe unachagua tundu la lenzi, yaani upana wa mlango wa mwanga, kamera inachagua kasi ya kuufungua na kuufunga. Weka f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) na ISO 400 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga).

Hatua ya 2: Mtoe juani

Pwani yetu, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa jua linatoka juu, na nyusi zinatupa kivuli machoni. Hakuna kitufe kitakachokuokoa hapo. Msimamishe mlangoni au chini ya upenu, ndani kidogo ya kivuli, uso ukielekea nje kwenye mwanga. Vichochoro vyetu vina neema yake: ukuta wa chokaa ng'ambo ukipigwa na jua, unarudisha mwanga laini usoni. Flashi ya kwenye kamera mimi siitumii kabisa. Inaacha paji la uso linang'aa kama limepakwa mafuta na kivuli kikali ukutani.

Hatua ya 3: Irekebishe kamera inapokosea

Hapa soma polepole. Kamera haijui kanzu wala uso. Kipimo chake cha mwanga hudhani kwamba kila kilichomo kwenye fremu, kikichanganywa pamoja, ni kijivu cha kati. Kanzu ikijaa kwenye fremu, kamera inaona mwanga umezidi, inaupunguza. Kanzu inakuwa kijivu, na uso unazama. Bibi mwenye buibui jeusi hupatwa na kinyume chake: kamera inaona giza, inaongeza mwanga, buibui linapauka na uso unaungua, yaani unakuwa mweupe kupita kiasi.

Kwa hiyo penye weupe mwingi unaongeza, penye weusi mwingi unapunguza. Kwenye harusi ya kwanza niliyoipiga picha nilifanya kinyume. Niliona kanzu zinang'aa, nikapunguza mwanga. Nilikesha siku mbili kwenye kompyuta nikiinua nyuso moja moja, na kila niliouinua ulijaa chengachenga. Picha zile hazikupona.

Tafuta kitufe chenye alama za +/−. Kwenye kamera nyingi za wanaoanza unakibonyeza bila kukiachia, huku ukizungusha gurudumu. Kwa kanzu anza na +1, kwa buibui anza na −1. Kisha angalia mambo haya:

Darizi ya shingoni ikifutika, umezidisha. Rudi +0.7 au +0.3.

Usiiamini skrini ukiwa juani, kila picha itaonekana giza. Washa lile onyo linalofanya sehemu zilizoungua zimetamete unapotazama picha. Kipande kidogo cha bega kikimetameta, sawa. Kanzu nzima ikimetameta, piga tena.

Ukimaliza, rudisha 0. Baadhi ya kamera hukumbuka hata ukizizima, na kesho utashangaa kila picha imeungua.

Utashauriwa utumie kipimo cha nukta, kinachosoma sehemu ndogo tu ya fremu. Kinafaa, lakini ukikielekeza kwenye uso mweusi, nao kitautaka uwe kijivu, na utapauka. Itabidi upunguze tena, −1 hivi. Kwa anayeanza napendelea kipimo cha kawaida na kitufe cha +/−.

La mwisho hapa, na kwangu ndilo kubwa: usimwangaze mtu mpaka rangi yake ibadilike. Mweusi abaki mweusi. Unachotafuta ni mng'ao wa shavuni, mikunjo iliyo kando ya macho, na nukta ya mwanga ndani ya jicho. Zikionekana hizo, mwanga umetosha, hata kama ukuta wa nyuma umeungua. Ukuta hauna anayeuulizia.

Hatua ya 4: Lenga jicho

Chagua nukta moja ya fokasi, iweke kwenye jicho lililo karibu nawe, bonyeza kitufe cha kupigia nusu, kisha piga.

Hatua ya 5: Tazama kasi

Isishuke chini ya 1/125 ya sekunde kwa mtu aliyesimama, wala 1/250 kwa anayetembea. Ikishuka, panda ISO 800 au 1600. Chenga kidogo zinavumilika, picha iliyotikisika haitibiki. Ukipata pesa, usikimbilie kamera mpya, nunua lenzi ya 50mm f/1.8. Ukifungua mpaka f/1.8 inapitisha mwanga mara kumi hivi kuliko f/5.6, na saa kumi na mbili jioni utaiona faida yake.

Zoezi nililompa mpwa: mtu mmoja, kanzu moja, mlango uleule, saa moja asubuhi, saa sita mchana na saa kumi na moja jioni. Kila mara piga 0, +0.7 na +1. Zikague nyumbani, kwenye skrini kubwa, ukianza na macho kabla ya kanzu.