Kabla ya kulipia darasa la dansi, piga kisigino sakafuni

Wazazi wenzangu wa Arusha, mkitafuta pa kumpeleka mtoto kujifunza dansi, msianze na bei. Anzeni na sakafu. Kumbi nyingi za kukodi ni zege lililobandikwa vigae, na mtoto akirukaruka hapo saa nzima anarudi analalamikia miundi. Wangu alianza hivyo, mimi nikadhani ni uvivu. Sakafu nzuri ni ya mbao, imeinuliwa kidogo, chini ina uwazi. Piga kisigino: ikinesa na kutoa mlio kama wa ngoma, sawa. Ukiumia wewe, ataumia na yeye.

Halafu omba ukae utazame kipindi kizima, si zile dakika tano za kuonyeshwa. Wanapasha misuli kwanza? Mwalimu anamsahihisha kila mtoto, au anajichezea mbele ya kioo huku wa nyuma wanasukumana? Ukiona anamkandamiza mtoto mgongoni ili apige msamba, shika mkono wa mwanao muondoke.

Kwa wanaotaka balei: vile viatu vya kusimamia ncha za vidole si vya mtoto wa miaka 8. Kwa kawaida husubiriwa hadi 11 au 12, tena awe amefundishwa miaka kadhaa na miguu imepata nguvu. Anayekuahidi mapema anakuuzia picha ya simu tu.

Bei? Lipa mwezi mmoja kwanza. Na ulizia saa ya kumaliza, maana kumtoa mtoto Njiro jioni mkaishi Sakina, mh, daladala mnazijua.