Jinsi ya kufuatilia shakwe wanaohamia Ziwa Victoria, anza na pete ya mguuni

Hao shakwe wa mgongo mweusi wanaotua mwaloni kuanzia Oktoba hivi wametoka mbali jamani, Finland na kaskazini mwa Urusi huko, wamekimbia baridi. Wale wa kichwa cha kijivu ndio wetu, wanazalia visiwa vya Musambwa. Sisi ndio tunaishi pale safari inapoishia, kwa hiyo data tusipochukua sisi nani atachukua?

1. Nenda asubuhi boti zikirudi na mukene (dagaa), au kwenye ghuba ya Lutembe wakiwa wamepumzika. Usiwakimbilie, kaa chini na darubini uangalie miguu tu.

2. Ukiona pete ya rangi, ile anayovikwa na watafiti, andika rangi, herufi zote na mguu gani, yaani kushoto kwa ndege sio kushoto kwako. Herufi usiyoiona weka kistari, tafadhali usikisie, herufi moja ya uongo inampeleka ndege mwingine Uganda ambaye hajawahi kufika. Ukikuta amekufa, piga picha namba zote za pete ya chuma.

3. Chukua lokesheni kwenye simu na uandike kama ni kaskazini au kusini, hapa ni muhimu kweli maana ikweta inapita humu humu ziwani, Entebbe iko kaskazini yake, Musambwa iko kusini.

4. Tuma kwa waliomvika pete. Pete za Finland zinasimamiwa na makumbusho ya viumbe Helsinki, nao watakuambia alivikwa wapi na lini.

5. Sasa ramani. Pete inakupa nukta mbili tu, katikati huoni kitu. Kuna kifaa kinachopima mwanga, saa sita mchana inatoa longitudo na urefu wa siku unatoa latitudo, lakini Machi na Septemba mchana na usiku vinalingana dunia nzima, latitudo inapotea wakati ndege wako njiani, halafu lazima umkamate tena. Mimi napenda GPS ya sola, inatuma yenyewe, ila wengi wanashika kanuni kwamba kifaa kisizidi asilimia 3 ya uzito wa ndege, shakwe wa gramu 700 habebi zaidi ya gramu 21. Kumkamata bila kibali cha UWA, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda, usijaribu.

6. Fungua Movebank, hifadhi ya mtandaoni ya data za safari za wanyama, ni bure, tafuta safari zilizowekwa wazi. Ukitaka eneo anakokaa msimu wa baridi chukua nukta za Desemba hadi Februari tu, ukichanganya na za njiani utachora eneo kubwa la uongo hadi Sudan.