Ukienda nyumbani Desemba: namna ya kuacha betri ya gari salama kwenye baridi ya Minnesota

Krismasi ikikaribia, Wakenya, Watanzania na Wakongo wengi wa hapa Minnesota hukata tiketi kwenda kuwaona wazazi. Gari hubaki nje kwenye maegesho ya apatimenti, mara nyingine miezi miwili. Mimi ni fundi magari hapa Minneapolis, na simu za Februari nazifahamu: mtu ametua usiku, ana masanduku na watoto waliochoka, akibonyeza rimoti gari kimya. Inaniuma kwa sababu sehemu kubwa ya shida hiyo inazuilika kabla hujapanda ndege, kwa kazi ya saa moja na usiku mmoja wa chaja.

Kabla ya kushika spana, elewa kinachoua betri, maana ukishaelewa hapo hatua zote zitakuja zenyewe.

Watu husema baridi imeua betri. Betri iliyojaa haiuawi na baridi ya huku. Ndani yake kuna mabamba ya risasi yaliyozama kwenye asidi ya salfa iliyochanganywa na maji. Chaji ikiwa kamili, asidi inakuwa kali, na haigandi mpaka baridi ipite nyuzi 50 za Selsiasi chini ya sifuri. Tarehe 30 Januari 2019 Minneapolis ilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri, na hata siku ile betri iliyojaa ilikuwa mbali na kuganda. Lakini chaji inapoisha, salfa inahamia kwenye mabamba na kinachobaki kinakaribia kuwa maji matupu. Hayo huganda kwenye nyuzi 7 hadi 10 chini ya sifuri, baridi ambayo Januari hapa tunaipata karibu kila usiku. Barafu hutanuka, hupinda mabamba na kupasua kasha. Betri ya hivyo haina matibabu.

Sasa nani anaimaliza chaji wakati gari limezimwa? Ni gari lenyewe. Alamu, saa, kompyuta na kile kifaa kinachosubiri rimoti yako vinakunywa umeme mchana na usiku. Gari zima linaweza kuvuta miliampea 50 na fundi yeyote akakwambia ni kawaida. Piga hesabu: miliampea 50 kwa saa 24 ni ampea-saa 1.2 kwa siku. Betri ya ampea-saa 60 inafika nusu siku ya 25, na siku ya 50 haina kitu. Nawe umekata tiketi ya siku 60.

Hatua ya 1: Pima, wiki mbili kabla ya safari

Acha gari lilale usiku kucha bila kuguswa. Asubuhi weka multimita (kifaa cha kupimia umeme) kwenye voti 20 za DC, waya mwekundu kwenye chanya, mweusi kwenye hasi. Voti 12.6 au zaidi, betri imejaa. 12.4 ni kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 imebaki robo. Usiposubiri usiku upite, namba itakudanganya, kwa kuwa betri iliyotoka kuchajiwa na alteneta (kifaa kinachozalisha umeme injini ikizunguka) husoma juu kwa muda.

Multimita haioneshi kama betri ina nguvu ya kuzungusha starta, ile mota inayowasha injini. Kwa hilo ipeleke kwenye duka la vipuri. Maduka mengi huku hupima bure. Nguvu ya kuwasha iliyoandikwa kwenye lebo hupimwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, na betri iliyochoka haifikii namba hiyo. Kama ina miaka mitano na kipimo kinasema dhaifu, nunua nyingine kabla ya safari.

Hatua ya 2: Safisha vichwa vya betri

Ule unga mweupe au wa kijani unazuia umeme kupita. Koroga bikaboneti ya soda, ile ya jikoni, kwenye maji ya vuguvugu, mwagia, sugua kwa brashi ya waya, suuza, kausha. Vaa glavu na miwani. Kisha kaza nati, kwa kawaida ni spana namba 10.

Hatua ya 3: Jaza mpaka pomoni

Hii ndiyo hatua ninayoomba usiiruke hata ukiruka nyingine zote. Kuendesha gari kwenda kazini dakika kumi na kurudi hakujazi betri wakati wa baridi, hasa ukiwa umewasha hita, taa na viti vya joto. Unahitaji chaja. Funga clipu nyekundu kwenye chanya, nyeusi kwenye hasi, ndipo uchomeke kwenye soketi. Iache usiku kucha mahali penye hewa, mbali na sigara na moto, kwani betri inayochajiwa hutoa gesi ya hidrojeni. Kama lebo inasema AGM (aina ya betri ambayo asidi yake imenyonywa kwenye mikeka ya nyuzi za kioo), chagua AGM kwenye chaja.

Hatua ya 4: Ilishe au ifungue

Hapa inategemea unapoegesha.

Kama una gereji au soketi ya nje, tumia chaja ya matunzo. Ni kichaja kidogo cha ampea moja hivi, kinachojaza halafu kinajishusha na kushikilia voti 13.2 hadi 13.6 bila kuichemsha betri. Unaweza kukiacha miezi yote miwili. Usitumie chaja ya zamani isiyojizima yenyewe. Hiyo itakausha maji ya betri. Waya wa ekstensheni uwe ule ulioandikwa wa matumizi ya nje, na kiungo chake kiinuliwe kisilale kwenye theluji.

Jambo moja linalochanganya wageni wa huku: ile plagi inayoning'inia mbele ya baadhi ya magari ni ya kupasha injini joto. Haichaji betri.

Wengi wetu, hasa kwenye apatimenti za Brooklyn Park na kwingineko, hatuna soketi. Basi fungua waya wa hasi, uvute pembeni, uufunge kwa kitambaa usirudi kugusa. Ni hasi unayoanza nayo, kwa sababu ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, utapata cheche kubwa. Betri iliyojaa na kufunguliwa hupoteza chaji kidogo sana kwenye baridi, kidogo kuliko ingekuwa kwenye joto, kwa hiyo miezi miwili nje inaivumilia vizuri.

Lakini kabla ya kuufungua waya huo, hakikisha mambo haya. Redio nyingine hudai namba ya siri baada ya umeme kukatika, iwe nayo. Rimoti haitafungua mlango, kwa hiyo toa ule ufunguo wa chuma uliojificha ndani yake na uujaribu kwenye kitasa, kwani vitasa vilivyokaa miaka bila kutumika hukwama. Na kama betri yako iko nyuma, kwenye buti linalofunguliwa kwa umeme, jua utalifunguaje kabla hujalifunga. Wenye haibridi na magari ya umeme, nanyi mna betri ndogo ya voti 12, nayo pia inaweza kuisha chaji. Someni kitabu cha gari kwanza.

Ukiwa na nafasi, itoe kabisa uiweke ndani. Ni mzigo wa kilo 15 hadi 20, ibebe ikiwa wima, iweke mbali na hita na watoto. Kuiweka juu ya sakafu ya saruji hakuna ubaya wowote.

Sola ndogo ya kuweka kwenye dashibodi siipendekezi hapa. Desemba mchana wetu una urefu wa takriban masaa tisa tu, jua liko chini, na theluji ikianguka usiku mmoja kioo kimefunikwa.

Hatua ya 5: Zungumza na unayemwachia ufunguo

Shemeji au jirani atakuahidi kuwasha gari dakika kumi kila wiki. Mshukuru, kisha mwombe asifanye hivyo. Starta inavuta mamia ya ampea, na injini inayounguruma bila kwenda hairudishi deni hilo kwa dakika kumi. Maji yanabaki kwenye bomba la moshi na kwenye oili. Baya zaidi, moshi ndani ya gereji, au bomba lililozibwa na theluji, unaua watu. Kama anaweza kuliendesha nusu saa kwenye barabara kuu, hiyo inasaidia. Akae pia macho na matangazo ya dharura ya theluji: gari likiwa upande wa barabara usioruhusiwa, manispaa italivuta.

Hatua ya 6: Ukirudi

Itazame betri kwanza. Kasha likiwa limevimba au kupasuka, au ukiona barafu ndani, usibusti (usiiwashe kwa umeme wa gari lingine) na usichaji, inaweza kulipuka.

Ikiwa nzima, rudisha chanya kwanza, kisha hasi, uwashe. Ikihitaji kubustiwa: nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, nyekundu ya pili kwenye chanya ya betri nzima, nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na nyeusi ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Gari likiwaka, usidhani safari ya kutoka uwanja wa ndege imeijaza. Iweke kwenye chaja usiku huo, uiache itulie usiku mwingine, kisha upime. Ikisoma chini ya 12.4, ipeleke ipimwe, na mwombe fundi akague alteneta pia: injini ikiwa inanguruma, multimita inapaswa kuonesha kati ya voti 13.8 na 14.5.