Picha ya jikoni: keti kwanza

Jana huko Seme, Kisumu, nilimpiga picha shangazi akichambua omena, yaani dagaa wa ziwani, kwenye ungo. Nikiwa nimesimama, zote zilitoka kitambaa cha kichwa tu. Chukua kigoda, keti kimo chake, mlango uwe ubavuni mwako. Mgeni husimama mlangoni akaziba mwanga uleule anaouhitaji. Ukiketi, mwanga unafika hadi vidoleni na omena inametameta yenyewe. Zima flashi, maana moshi wa kuni unaigeuza ukungu mweupe. Muombe ruhusa, hata akiwa wa kwenu, kisha chambua naye kama dakika kumi. Mikono yake italegea, atasahau simu. Usiku mbinu hii ya mwanga wa mlango haisaidii. Akiinuka kusonga ugali, inuka naye.