Kukiona kituo cha anga ukiwa mwaloni Kibirizi, Kigoma

Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa za wavuvi hazivuti dagaa. Mitumbwi inalala ufukweni na sisi wanunuzi tunabaki kupiga soga. Jioni hizo mimi huangalia Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, kile chombo wanamokaa wanaanga wakiizunguka dunia, kikipita. Mwanga wa mwezi humeza nyota nyingi, lakini hicho hakimezwi. Huhitaji darubini, na kama unayo iache nyumbani: kinakwenda kasi, utaishia kukitafuta tu.

Kwanza pata ratiba. NASA, shirika la anga la Marekani, wanaitoa bure kwa jina la Spot the Station, tafuta Kigoma. Usichukue ya Dar es Salaam, maana huku magharibi jua linazama karibu saa moja, wakati wa Dar wameshawasha taa zamani. Simu ikiandika 19:40, ni saa moja na dakika 40 usiku.

Utapewa pia upande kitakakotokea, kitakakopotelea, na kimo kwa digrii. Hapo kwenye digrii ndipo wengi wanapokwama. Nyoosha mkono, kunja ngumi, iweke usawa wa maji: ngumi moja ni kama digrii 10. Panda ngumi juu ya ngumi. Digrii 60 ni ngumi sita, shingo itauma. Kikiwa chini ya digrii 20 mimi sijisumbui, milima ya Kongo na ukungu wa ziwani vinakificha.

Fika mapema kidogo, tazama ziwani. Kinatokea upande wa magharibi, ama kulia ama kushoto kwa pale jua lilipozama, kisha kinakatiza kuelekea bara. Usiku wenye wavuvi usidanganyike na taa zao kule mbali. Hizo hazipandi angani. Ndege inamweka na ina taa nyekundu na kijani. Kimondo hakimalizi hata sekunde mbili. Chako ni nuru moja nyeupe, haimweki, haina mlio, inateleza tu, na kikipita juu sana utakiona kwa dakika sita hivi.

Kisha, mara nyingi kabla hakijafika upeo wa mashariki, kinaanza kufifia na kuwa chekundu kidogo, halafu hakipo. Wifi yangu alidhani kimeanguka. Kumbe kimeingia kwenye kivuli cha dunia. Nuru ile ni ya jua linalokipiga kule kilomita 400 juu, huku sisi chini tumeshaingia gizani. Ndiyo sababu kinaonekana jioni na alfajiri tu. Saa sita za usiku kinapita hapohapo na humwoni mtu wala taa.

Juni na Julai ndiyo miezi mizuri. Baadaye watu wanachoma mapori, moshi unatanda, halafu zinakuja mvua.

Ukitaka kuwaonyesha watoto, usiahirishe miaka na miaka. Watu wanaishi humo bila kukatika tangu Novemba 2000, lakini NASA wamepanga kukitumia hadi 2030, kisha kishushwe kwenye bahari ya Pasifiki.

Kikishapita, nenda kale. Kinaizunguka dunia kwa dakika 90 hivi, ila kikirudi huwa kimeshaingia kivulini. Angalia ratiba ya kesho.