Utetezi Mahakamani Huandaliwa Kabla ya Siku ya Kujitetea

Washtakiwa wengi nchini Tanzania hudhani kwamba utetezi ni maneno yatakayosemwa siku ya kujitetea, ilhali mara nyingi utetezi huwa umeimarika au umeharibika kabla ya siku hiyo kufika. Kwanza isomwe hati ya mashtaka, ili mshtakiwa ajue kosa lake linaundwa na mambo gani, kwa kuwa ni wajibu wa upande wa mashtaka kuthibitisha kila moja pasipo kuacha shaka ya msingi; ibara ya 13(6)(b) ya Katiba nayo inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitika.

Anayedai kwamba hakuwepo eneo la tukio ndiye anayepaswa kuwahi kuliko wote. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamtaka aitaarifu mahakama na upande wa mashtaka kabla kesi haijaanza kusikilizwa, na akichelewa, awape waendesha mashtaka maelezo ya utetezi huo kabla hawajafunga ushahidi wao. Akinyamaza hadi zamu yake, mahakama ina hiari ya kutoupa utetezi huo uzito wowote, hata awe na tiketi ya basi mkononi.

Aliyejihami aangalie kama nguvu aliyotumia iliendana na hatari iliyomkabili, na kama naye aliumia, aitunze fomu yake ya PF3, yaani fomu ya polisi ya matibabu. Anayeshtakiwa kwa wizi wa mali aliyoamini kwa nia njema kuwa ni haki yake atafute nyaraka na watu wanaoijua historia ya mali hiyo. Kutojua sheria si utetezi.

Wengi huumia zaidi kwenye maswali ya dodoso, yaani yale anayoulizwa shahidi na upande wa pili baada ya kutoa ushahidi wake. Shahidi asipododoswa juu ya jambo muhimu, Mahakama ya Rufani imekuwa ikilichukulia kwamba limekubaliwa, hivyo kulikanusha baadaye husaidia kidogo sana. Vivyo hivyo, maelezo ya onyo, yaani yale ambayo mshtakiwa huandikisha polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake, yakiwa yamepatikana kwa kipigo yapingwe kabla hayajapokelewa kuwa kielelezo.

Mahakama ikiona kuna kesi ya kujibu, yaani ushahidi wa mashtaka unatosha kumtaka mshtakiwa ajitetee, mshtakiwa atachagua kujitetea kwa kiapo, bila kiapo, au kukaa kimya, ingawa ukimya huo unaweza kutafsiriwa dhidi yake. Majina ya mashahidi wake, kama anao, yawe tayari siku hiyo.